Damu Safi na Damu Fifi

Benchi la Mama Nyanjige lipo Somanda, upande wa kivuli wa kibanda cha fundi pancha, pale pikipiki zinapokata kona kwenda hospitali. Kahawa yake ina tangawizi ya kukuna koo, kashata zake za karanga zinashika meno, na hakuna anayekaa pale mara ya pili bila kubandikwa jina. Ilikuwa miaka ile Bariadi imeshakuwa makao makuu ya mkoa na soko huria limeingia mpaka uvunguni: pamba ananunua mwenye gari, dawa anauza mwenye fremu, na ushauri anatoa yeyote aliyepata pa kukaa. Wanaume wa benchi hilo walikuwa hawamwamini mtu mwenye kitu cha kuuza, na walimshuku zaidi yule asiyeuza kitu. Siku ninayoisimulia ilikuwa Jumanne, hakuna mnada, hakuna msiba, na midomo yote ilikuwa haina kazi.

Luhaga alifika saa nne asubuhi, mapema kuliko kawaida yake, na hakuchukua kashata. Jina lake la benchi ni Mizani. Miaka thelathini alikuwa karani wa kupokea pamba, kwanza kwenye chama cha msingi, kisha kwa wanunuzi binafsi soko lilipofunguliwa. Kazi yake ilikuwa kuzamisha mkono ndani ya gunia, kuchomoa pamba, kuitazama juani na kutamka neno moja tu: safi, au fifi. Safi ni ile nyeupe, kavu, isiyo na jani wala doa, na hiyo hupanda gari. Fifi ni ile iliyochezewa na mdudu au mvua, na mwenye nayo hurudi nayo nyumbani kichwa chini. Kazi hiyo hiyo ilimfundisha jinsi mzani unavyochezewa kwa kipande cha waya na jinsi goti la mpimaji linavyoweza kubeba kilo tano bila mtu kuliona. Tangu hapo hakuna chombo chenye namba alichokiamini.

Sasa chombo chenye namba kilikuwa kimemgusa mjukuu wake. Kabula, miaka minne, mtoto wa mwanawe Shija aliye safarini na lori, alikuwa anakohoa tangu wiki iliyopita. Jumamosi mama yake, Minza, alimpeleka kituo cha afya. Wakamtoboa kidole, wakaweka tone la damu kwenye kimashine ambacho namba yake hupanda mwili ukipigana na vijidudu, ikatoka nane. Wakampa dawa ya kushusha homa, wakamwambia damu ya mtoto ni safi, dawa ya kuua vijidudu haihitajiki kwa sasa, amrudishe siku ya tatu. Siku ya tatu ndiyo ilikuwa hiyo Jumanne. Minza alishajifunga kanga ya safari, na Luhaga akamzuia mlangoni: "Ngoja kwanza, nikaulize." Alimpenda Kabula kupita kiasi, mtoto pekee duniani aliyeruhusiwa kumvuta ndevu. Alikuwa anaogopa, na kwa kuwa hakujua anaogopa nini hasa, aliona heri ashuku.

— Mwangaluka, wazee, alisema.

— Mwangaluka. Mhola?

— Mhola, hiyo amani, itoke wapi? Mjukuu bado anakohoa, na leo wanamtaka tena kule kituoni.

Neno "wanamtaka" lilimtoka tu, lakini wenzake watatu waliweka vikombe chini kwa pamoja. Wa kwanza kuinuka na swali alikuwa Bundala, dalali wa ng'ombe, jina lake Mnada, mtu ambaye hata siri huitangaza kama bei.

— Wanamtaka wamfanye nini? Si walishamtibu?

— Hawakumtibu. Walimpima, wakasema damu yake safi.

— Kama ni safi, anarudi kufanya nini?

— Ndiyo nimekuja kuuliza hapa.

Thomasi alikohoa kidogo, kikohozi cha mtu anayetaka kubembelezwa aseme. Jina lake ni Kapsuli. Duka lake la dawa liko hatua ishirini kutoka benchi, na kila anapokuwa kijiweni huacha kiti mlangoni ili wateja wajue yupo karibu.

— Mimi sitaki kusema kitu, alisema. Mtasema naongea kibiashara.

— Utasema tu, Kapsuli, alijibu Nyanjige akimimina kahawa. Tangu lini umekaa na neno mpaka likapoa?

— Basi nasema. Zamani mgonjwa alikuwa anaambiwa dawa hakuna. Watu wakalalamika, wakubwa wakaulizwa, ikawa aibu. Sasa imeletwa mashine. Mashine haisemi dawa hakuna. Mashine inasema ugonjwa hakuna.

— Eeeh! alisema Bundala. Hapo umepiga penyewe.

— Mtoto anakohoa wiki nzima, halafu eti haumwi, aliendelea Thomasi. Kikohozi kinatoka wapi, kwa jirani?

Luhaga alilipokea hilo, akaligeuza kichwani, akaliona linasimama. Lakini halikumtosha. Kunyimwa dawa alikuwa amekuzoea kama watu wote. Kilichomkera ni lile neno.

— Sikilizeni, alisema. Tatizo si dawa. Tatizo ni safi. Mimi nimelitamka neno hilo miaka thelathini. Sijawahi kumwambia mkulima "pamba yako safi" halafu nikamwachia aende nayo.

Nje ya kivuli fundi pancha aliacha kujaza upepo ili asikie.

— Hebu rudia hapo, alisema Bundala.

— Fifi ndiyo inayorudi nyumbani. Safi haina ruhusa ya kurudi. Safi inachukuliwa.

— Ng'wanawane!

Aliyepiga ukelele huo ni Mashimba, jina lake Redio. Alikuwa tarishi wa ofisi za wilaya mpaka alipostaafu, amebeba bahasha zilizofungwa miaka yote hiyo, na mpaka leo husimulia yaliyokuwamo. Methali anazo nyingi kuliko mtu yeyote Somanda, ila kila moja huitoa kwenye kabati lake na kuivalisha nguo ya mwenziwe.

— Wahenga walisema, alianza Redio, kidole kimoja hakivunji chawa. Sasa hawa wanatoboa kidole kimoja. Watamwona mdudu gani? Kama wangekuwa wanatafuta mdudu kweli, wangetoboa vyote kumi!

— Methali hiyo ni ya kushirikiana, alisema Nyanjige.

— Ndiyo, mayu. Vidole vishirikiane.

Redio akaandikiwa ushindi. Bundala hakupenda. Yeye ni mtu wa ng'ombe, na haamini hoja isiyo na kwato.

— Mimi nina ng'ombe tangu tumboni, alisema. Ng'ombe akikohoa, simpimi kidole.

— Ng'ombe hana kidole, Mnada, alisema Nyanjige.

— Ndiyo nasema! Hana kidole na anapona. Unamchoma sindano moja ya shingo, kesho yuko malishoni. Lakini sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo penye jambo. Ng'ombe uliyemchoma dawa, bwana mifugo anakuambia nini?

— Usimchinje, alisema Thomasi, ambaye chini ya kaunta yake zipo na za ng'ombe.

— Usimchinje! Usimkamue! Mpaka siku zipite, dawa iishe mwilini. Nyama yenye dawa hainunuliki kwa wanaojua. Sasa jiulize, Mizani. Mtoto wako ana damu safi. Wamemnyima dawa. Kwa nini?

Luhaga alisogea mpaka ukingo wa benchi.

— Ili isiingie dawa, alisema polepole.

— Ili ibaki safi! Mnyama wa kuuza hachomwi sindano siku ya mnada. Anachomwa yule mbovu, yule wa kubaki zizini. Nimemaliza.

Akakunywa kahawa yake yote kwa mkupuo, kuonyesha kwamba kesi imefungwa. Nyanjige alimtazama kwa jicho la pembeni, jicho la mwanamke aliyeuzia wanaume kahawa muda mrefu.

— Mnada, mke wako Shida si alikwenda pale pale mwezi jana na kikohozi?

— Alikwenda.

— Akapimwa kidole?

— Akapimwa. Akapata sitini na mbili.

— Na dawa akapewa?

— Alipewa za siku tano, akazimaliza, amepona, yuko shambani anapalilia. Kwa nini unauliza?

— Nauliza tu. Kwa hiyo kwa maneno yenu, yeye ndiye fifi.

Thomasi alicheka kahawa ikamtokea puani. Redio aligeukia ukuta. Bundala aliinuka nusu, akakaa, akainuka tena.

— Mke wangu fifi? Mwanamke niliyemtolea ng'ombe ishirini na mbili? Nani amesema fifi?

— Umesema wewe, Mnada. Mbovu ndiye anayechomwa.

— Nilikuwa nasema ng'ombe!

— Haya, tuliza moyo, alisema Redio. Inategemea unasoma vipi. Sitini na mbili ni alama nzuri. Shuleni hiyo ni kufaulu. Nane ndiyo kufeli.

— Ndiyo! alisema Bundala akiidaka. Shida amefaulu, akapewa dawa. Kabula amefeli, akanyimwa.

— Mjukuu wangu hajafeli kitu, alisema Luhaga kwa ukali. Ana miaka minne.

— Basi amefaulu kwa namna ya chini, alisema Redio. Kuna vitu ukipata kidogo ndiyo ushindi. Kama mbio.

Wakabishana hapo karibu saa nzima, kama nane ni ndogo kwa uzuri au ni ndogo kwa ubaya, na kila mmoja alitoa mfano. Bundala alileta umri wa ndama. Thomasi alileta miligramu. Redio alileta daraja la mshahara wake, ambalo halikuwahi kupanda. Birika la kwanza liliisha, Nyanjige akatia mkaa na kuweka la pili. Luhaga hakuwa anasikiliza sana. Alikuwa anafikiria siku tatu.

— Mnajua siku tatu ni nini? aliuliza ghafla.

— Ni Jumamosi mpaka leo, alisema Thomasi.

— Siku tatu ni maneno ya mnunuzi. Soko lilipofunguliwa, tulikuwa watatu, wanne, kila mmoja na gari lake, tunagombania kijiji kimoja. Ukiona gunia zuri na gari limejaa, unamwambia mkulima: pamba yako safi, usimpe mtu mwingine, narudi siku ya tatu. Unachora alama kwenye gunia. Akija mwenzako, anakuta limeshachorwa. Wao pia wamemchora Kabula. Wametoboa hapa.

Akaonyesha ncha ya kidole chake cha kati. Wote wakakitazama kidole hicho cha mzee kama kwamba tundu lingeonekana.

— Na mlikuwa mnarudi kweli siku ya tatu? aliuliza Nyanjige.

Kulikuwa na mambo ambayo Luhaga alikuwa hajayasema hata kwa padri.

— Mara nyingine tulirudi, alisema. Mara nyingine bosi aliniambia, ukirudi iite fifi. Ilikuwa safi Jumamosi, Jumanne nikaiita fifi, mkulima akabaki ananitazama machoni. Mvua inakuja, hana pa kuipeleka, anaitoa hivyo hivyo. Ndiyo maana nawaambia, neno safi nalijua ndani na nje. Mwenye kulitamka ndiye mwenye kulibadilisha.

Aliyasema hayo bila kumtazama mtu. Aibu ilikuwa ya zamani lakini bado ilikuwa na meno. Wenzake wangeweza kunyamaza kidogo wamheshimu, lakini Redio alikuwa ameshapata mawimbi.

— Sasa nimeelewa, alisema akishusha sauti, na watu wakasogea. Nisikilizeni. Pamba ilikuwa ya ushirika, ikaja huria. Ng'ombe, huria. Dawa, huria, huyu hapa Kapsuli ni shahidi. Maji ya kunywa yanauzwa kwenye chupa. Kilibaki nini hakijauzwa?

— Upepo, alisema Nyanjige.

— Damu! Huko nyuma mumiani alikuwa anakuja kwa kunyata, anavizia, watu wanampiga mawe. Huyo alikuwa mumiani wa zama za ushirika. Sasa ni huria. Mumiani wa leo ana koti jeupe, ana mashine, na anakuandikia kwenye kadi. Kuna kiwanda mahali. Pamba inachambuliwa, nyuzi huku, mbegu kule, mbegu inakamuliwa mafuta. Damu nayo hivyo hivyo. Safi huku, fifi kule.

— Kiwanda kiko wapi? aliuliza Thomasi.

— Kingekuwa kinajulikana kilipo, ningekuwa nimekaa hapa?

— Lakini walichukua tone moja tu, Redio. Tone moja linatosha nini?

— Chovya chovya humaliza buyu la asali. Na tone ni sampuli. Mizani, wewe ulikuwa unaingiza mkono kwenye gunia, unachomoa kiasi gani?

— Ngumi moja, alikiri Luhaga.

— Ngumi moja! Na ulikuwa unachukua nini?

— Gunia.

Hapo hata fundi pancha alisema "Mh!" kutoka kwenye kibanda chake. Bundala alisema dawa ya moto ni moto, kwa hiyo dawa ya damu ni damu, na kwamba kuna matajiri wanaoishi miaka tisini kwa sababu hiyo. Thomasi akasema amewahi kusikia. Redio akakumbuka namba nane.

— Na hiyo nane si alama, alisema. Ni foleni. Kabula ni wa nane.

— Saba wa kwanza ni nani? aliuliza Nyanjige.

Wakaanza kuhesabu waliokohoa. Wakapata mtoto wa muuza mkaa, bibi mmoja wa nyuma ya kanisa, mapacha wa mwalimu, na hao wote walikuwa hai na mmoja wa mapacha alikuwa anapita pale pale akiendesha tairi kwa fimbo. Redio alisema hao wamepewa muda.

Kwa mtu aliyekaa pembeni yote hayo yangekuwa kichekesho. Kwa Luhaga hayakuwa. Kila nadharia iliyozaliwa ilimkalia kifuani, na ya chini haikuondoka ya juu ilipokuja. Alijua Redio anatunga. Alijua Bundala anapenda kushinda. Lakini alikuwa amewahi kusimama upande wa pili wa mzani, na alijua kwamba mambo ya kijinga kuliko hayo yalifanywa kwa watu na watu wakaondoka wameshukuru.

— Basi sitampeleka, alisema. Leo hawamwoni.

— Umesema kiume, alisema Bundala.

— Lakini kikohozi kitabaki, alisema Thomasi taratibu. Ndugu yangu, mimi sisemi kibiashara. Pale dukani ninazo zile za rangi mbili. Unafungua kapsuli, unamwagia kwenye uji, asubuhi na jioni. Hata dozi nzima si lazima. Tano zinatosha kuanzia. Mimi sitoboi mtu kidole.

Luhaga alimgeukia. Kiti cha Thomasi kilikuwa kimekaa mlangoni kikiwatazama, na nyuma yake boksi za dawa zimepangwa mpaka darini.

— Kapsuli.

— Naam.

— Wewe hujamwona mtoto.

— Sijamwona.

— Hujampima.

— Sijampima.

— Unajuaje ni tano?

Thomasi alifungua mdomo, akatazama dukani kwake kama aliyeitwa.

— Kwa uzoefu, alisema.

— Na mimi nilikuwa natega waya wa mzani kwa uzoefu.

Ikawa zamu ya Thomasi kununa. Akasema kama watu hawamwamini basi waende kwenye mashine yao. Bundala akasema hakuna aliyesema hivyo. Redio akasema mgeni njoo mwenyeji apone, na hakuna aliyejua anamaanisha nini, maana hakukuwa na mgeni wala aliyepona. Luhaga alikaa katikati yao, hawezi kwenda kituoni, hawezi kwenda dukani, hawezi kurudi nyumbani bila jibu. Mtu anayeshuku kila mlango mwishowe hubaki amesimama uani.

Kwa kweli mgeni alikuwepo. Pikipiki moja iliyotoka mbali ilikuwa imefika tairi lake la nyuma limeisha upepo, na abiria wake, mama wa makamo mwenye vumbi mpaka kwenye nyusi, alikuwa amekaa mwisho wa benchi akisubiri fundi azibe. Aliitwa Felisita, wa Mwamanyili, amekuja mjini kwa shughuli zake na kifurushi cha dagaa mapajani. Alishakunywa vikombe viwili kimyakimya. Kwa heshima ya ugeni hakuingilia mambo ya mumiani wala ya kiwanda. Lakini walipotulia, alisema:

— Samahanini, baba zangu. Mimi ni mpita njia. Huyo mnayemsema ni mtoto wa nani?

— Mjukuu wangu, alisema Luhaga.

— Wa kike?

— Wa kike. Kabula.

— Na leo anapumuaje?

Bundala alimtazama Thomasi. Thomasi alitazama dukani. Redio alifungua mdomo kutafuta methali, akaufunga bila kuipata. Nyanjige, aliyekuwa anasuuza vikombe tangu asubuhi na kuwacheka, aliacha mkono ndani ya beseni, maana hata yeye hakuwa ameuliza.

Luhaga alijitafuta. Namba alikuwa anaijua. Neno la kituoni alikuwa analijua, na siku, na kidole kilichotobolewa. Alijaribu kumkumbuka mtoto mwenyewe wa asubuhi ile. Kulikuwa na mkeka, kanga, kisogo cha mtoto kimeelekea ukutani. Alikuwa amepita haraka kumwahi Minza mlangoni, na alikuwa anaongea yeye.

— Alikuwa amelala, alisema.

— Saa ngapi hiyo?

— Kabla sijaja. Kabla ya saa nne.

Mama yule aliangalia jua, kisha akaangalia kivuli cha kibanda kilivyokwisha kuhamia upande mwingine.

— Sasa ni saa tisa, baba, alisema, na hakulisema kwa ubaya.

Luhaga alisimama. Hakuaga. Nyanjige alimwita kuhusu kikombe alichokuwa bado amekishika, akakiweka kwenye tenki la pikipiki ya mtu na kuendelea kwenda. Nyumbani kwake si mbali, ni kuvuka barabara na kupita nyuma ya mashine ya kusaga. Njiani alitaka kufikiri jambo la maana na hakufikiri kitu, alikuwa anasikia pumzi yake mwenyewe tu.

Minza alikuwa amekaa kizingitini, kanga imefungwa, viatu miguuni, kadi ya kliniki mkononi. Kabula alikuwa mapajani mwake, macho nusu, hakohoi tena. Luhaga alichuchumaa mbele yao. Alipandisha kigauni cha mtoto kwa mkono ule ule uliozoea kuingia maguniani, akatazama. Kila Kabula alipovuta hewa, ngozi ya chini ya mbavu ilizama ndani, pua zikapanuka, na pumzi nyingine ikaja upesi kabla ya ile ya kwanza kuisha.

— Ameanza lini hivi?

— Mchana, adhuhuri, alisema Minza akitazama chini, kama mkwe anavyozungumza na baba mkwe. Walisema akianza hivi nisisubiri hata hiyo siku ya tatu, nimkimbize.

— Mbona hukumkimbiza? Mbona hukuja kuniita?

Mkwe hamfuati baba mkwe penye baraza la wanaume. Wote wawili walilijua hilo. Luhaga alikuwa ameshamchukua mtoto, ameshamlaza begani, ameshaanza kwenda barabarani akipunga mkono kwa pikipiki yoyote, iwe ya nani. Minza alimfuata akikimbia, na akajibu kwa adabu ile ile, bila kulaumu hata kidogo.

— Ulisema tungoje, baba. Nikajua umekwenda kuuliza kwa wanaojua.